Boma Lililomwacha Dada Nje

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilipokuwa naamini kwa moyo wangu wote kwamba kule Ulaya mgeni akizidisha siku kumi na mbili nyumbani kwa mwenyeji wake, serikali humkabidhi hema na kumpeleka msituni, akakae na dubu mpaka ndege ya kwao ipatikane. Usicheke. Nilikuwa na miaka ishirini na saba na cheti cha ngumbaru, masomo ya jioni, nimeshika nafasi ya tatu darasani. Tulikuwa wangapi? Watatu, lakini hilo si la kuulizwa na mtoto mwenye adabu.

Habari hizo alinipa dalali mmoja wa ngamia hapa soko la mifugo Garissa, mtu aliyeweza kumuuzia kipofu ngamia chongo na bado akaombewa dua. Aliapa kwamba mkwe wa jirani yake yalimkuta. Nami nikaona yanaingia akilini. Si tulifundishwa kwamba mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe? Basi wale hawalimi kwa jembe, wanatoa hema.

Na hema, kwetu sisi wa upande huu, si mchezo. Tangu utotoni nimeona hema likiwa makao ya mtu aliyefukuzwa na vita, anayepanga foleni ya unga. Hakuna mtu mtaani kwetu Waberi ambaye angeacha mlango wake wa bati na kufuli lake akalale ndani ya kitambaa kwa raha zake. Ndivyo nilivyodhani.

Sasa dada yangu mkubwa, Hodan, alikuwa ameolewa Uswidi. Alifua mashuka ya hospitali miaka mitatu, akijinyima hata viatu, ili amlete Hooyo wakae pamoja mwezi mmoja, nami nimsindikize. Hooyo ndivyo tunavyomwita mama. Miaka minane walikuwa hawajaonana isipokuwa kwa simu. Hooyo alizaliwa nyuma ya ngamia huko Lafey, akahama na mifugo mpaka ukame ulipoimaliza, ndipo akaletwa mjini. Magoti yake yalikuwa yamechoka kiasi kwamba kuinuka kwenye mkeka kulikuwa safari inayohitaji dua ya msafiri.

Siku ya kumi na mbili huko Uswidi ikafika, na mimi ndiye niliyekuwa nazihesabu. Abshir, mume wa Hodan, akaingia sebuleni amebeba mahema mawili.

"Shemeji, kesho tunalala msituni."

Chai ikanipalia. "Nani?"

"Sote. Na Hooyo."

Nikamtazama Hooyo. Anatabasamu tu. Maskini, nikasema moyoni, hajui. Nikamtazama Hodan, naye akakwepa macho yangu akaingia jikoni. Kikulacho ki nguoni mwako, nikajiambia. Usiku ule nilikula wali wa watu wawili, kwa sababu sikujua kama dubu hupika.

Tukasafiri kwa gari mpaka barabara ikachoka kabla yetu. Msitu ule, mwanangu, miti yake ilisimama bega kwa bega kama watu kwenye swala ya Idi. Kulikuwa na ziwa. Abshir akatueleza kwamba katika nchi ile mtu yeyote huweza kulala usiku mmoja porini bila kuomba ruhusa, akiondoka aache mahali safi. Hooyo akafurahi sana. "Kumbe nao ni watu wa kuhama," akasema. Jua nalo likakataa kuzama. Saa nne za usiku ungeweza kutia uzi kwenye sindano, tena kwa kutumia jicho moja.

Mara akatoka mnyama mkubwa kando ya maji, miguu mirefu, pembe kama sinia mbili za pilau. Mimi nilikuwa tayari nyuma ya gari. Hooyo hakutikisika. Alimkagua kama mnunuzi sokoni. "Huyu ni ngamia," akasema, "ila nundu kaisahau nyumbani."

Abshir na Hodan walipoteremka ziwani kuteka maji, nikapata nafasi yangu. Hooyo alikuwa amejilaza hemani. Nikaanza kujenga boma. Nilitafuta miiba, sikupata hata mmoja. Nchi nzima haina mwiba, nikajiuliza mbuzi wao hulindwa na nini. Basi nikakokota matawi makavu, nadhani elfu mbili, nikazungushia hema ambalo ningelala na Hooyo. Hema la Hodan na mumewe nikaliacha nje.

Hapa tusimame kidogo, mwanangu, maana wewe umekulia kwenye nyumba za mawe. Kwa wafugaji, boma ndilo linalosema nani ni nani. Wa nyumbani hulala ndani, hata ndama na mbuzi kiwete. Nje hubaki fisi na adui. Mtu akikuacha nje ya boma hahitaji kukutukana tena.

Hodan akapanda kutoka ziwani na sufuria ya maji. Akasimama. Akalitazama boma, akalitazama hema lake.

"Waryaa," akaniita, kama anavyoitwa kijana mwenye makosa, "hema letu liko nje."

"Matawi yaliisha," nikasema. Msitu wote ule umenizunguka, matawi ya kujaza kutoka pale hadi Balambala kwetu, nami nasema yaliisha. Njia ya mwongo ni fupi. Yangu haikufika hata hatua moja.

"Sema kweli."

"Kweli unaijua. Siku kumi na mbili zimeisha, serikali imetoa hema, mmetuleta kwa dubu. Mimi nitupeni, nina miguu. Lakini mama yako mzazi, Hodan?"

Abshir akacheka, akidhani ni mzaha. Kisha akauona uso wa mkewe, kicheko kikamkatika. Hodan aliweka sufuria chini taratibu, maji yasimwagike.

"Kama ndivyo unavyonijua," akasema, "kesho nitawapeleka uwanja wa ndege. Wote wawili. Usije ukamlaza mama yako kwa adui."

Akaenda akaketi juu ya jiwe, mgongo kwetu. Miaka minane ya kungoja, na mimi nimeimaliza kwa maneno ya dalali.

Hema halina ukuta wa kuzuia maneno. Hooyo akatoka na fimbo yake. Hakupaza sauti. Alianza kusukuma matawi upande wa hema la Hodan, moja moja. Nikakimbia kumsaidia.

"Kaa," akasema. Nikakaa.

Alipopata upenyo, akaburuta mkeka wake, akautandika katikati ya mahema mawili, pale hasa ukuta wangu ulipokuwa. Akajishusha juu yake, goti la kwanza, goti la pili.

"Sasa lirefushe," akaniambia.

Nikalirefusha. Abshir akaja akashika upande wa pili, na mimi nikaona aibu kuliko kama angenipiga. Boma lilipozunguka wote, pakabaki mlango tu. Hooyo akanionyesha kwa fimbo kule kwenye jiwe. Nikaenda, kwa miguu mizito kama ya tembo wawili.

"Dada," nikamwambia, "boma limekwisha, bado mlango. Na mlango hufungwa na wa mwisho kuingia."

Nikasimama hapo mpaka mbu wa Uswidi wakanijua kwa jina. Mwishowe Hodan akainuka, akapita mbele yangu, akaingia, nami nyuma yake.

"Umesema wa mwisho," akaniambia bila kugeuka. Basi nikauvuta mlango mimi.

Mwanangu, ndevu zangu sasa zina hina na Hooyo amelala kaburini miaka mingi, kwa hiyo pokea. Kuuliza si ujinga. Ukisikia habari mbaya ya ndugu yako, mpelekee yeye kwanza kabla hujakata tawi la kwanza. Ukishakosea, usibomoe boma. Lirefushe mpaka uliyemwacha nje awe ndani, kisha nenda mwenyewe ukamwite. Mungu akupe ndugu wasiochoka kukusubiri, akupe mama wa kukuambia kaa, na popote utakapolala, ulale ndani pamoja na wako.

Asubuhi ile pale msituni, wengine wakiwa bado wamelala, nilikaa kando ya mkeka wa Hooyo nikilinda dubu asije. Hooyo alikuwa macho, anatazama juu.

"Hooyo," akaniita, kwani kwetu mama humwita mwanawe kwa jina lilelile analoitwa yeye, "hakuna serikali inayofukuza wageni. Mimi ndiye niliyemwomba dada yako. Nilitaka kulala chini mara moja tena, ninyi wawili mkipumua karibu yangu. Nilimwambia asikuambie, maana wewe ungekataa kwa sababu ya magoti yangu."