Chura Wangu Katika Chupa ya Madamu

Nikisikia harufu ya mafuta ya taa yaliyomwagwa ardhini, hasira hunipanda kabla hata sijajua ninamkasirikia nani. Hiyo ndiyo iliyokuwa harufu ya kambi ya wafanyakazi wa reli pale Kamina, wakati wa ukoloni, nilipokuwa binti mdogo, mvua za kwanza zilipoanza na watu wa usafi wakapita kumimina mafuta katika kila dimbwi ili kuua mbu. Iliingia kwenye nguo, kwenye mikeka, hata kwenye ugali. Baba alikuwa akipakia makaa kwenye magari-moshi, na kwa kazi hiyo tulipewa nyumba ya vyumba viwili yenye mlango wa mbao ambao sisi tuliufunga, lakini ambao Bwana wa usafi, Mzungu mfupi mwenye fimbo, aliufungua wakati wowote alipotaka.

Msimu huo kaka yake mama, aliyekuwa mvuvi kule Kinkondja kwenye ziwa Kisale, alikuja kuuza samaki wakavu, nami akaniletea chura wa miti ndani ya kikapu cha matete mabichi. Alikuwa mdogo kuliko kidole gumba changu, kijani kama jani changa la muhogo, na ncha za vidole vyake ziliganda popote alipozigusisha. Lakini safari ilikuwa imemwumiza. Alikuwa amegeuka rangi ya majivu, amefumba macho, na kila nzi niliyempelekea alimwacha aende zake. Nikachukua beseni bovu la bati, nikalitandika jani la mgomba lililolowa, nikasimamisha tawi la mpera na kulifunika beseni kwa kipande cha chandarua. Nililiweka chini ya kitanda, penye giza na ubaridi. Niliwakataza wadogo zangu kupiga kelele, wakanitii, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu wazaliwe. Mama alinicheka, lakini yeye mwenyewe alikuwa akinyunyiza maji kwenye lile jani akidhani simwoni. Asubuhi moja nikamkuta chura amepanda juu ya tawi, kijani tena, akimeza kipepeo wa usiku ambaye mabawa yake yalikuwa bado yanachezacheza nje ya mdomo. Nilimwita mama kwa sauti iliyoamsha majirani.

Haikupita wiki, Bwana wa usafi akaingia. Hakubisha hodi. Mama alikuwa ameloweka mihogo kwenye pipa nyuma ya nyumba, na mihogo ile ndiyo ingekuwa unga wetu. Akaamuru askari wake alipindue pipa, kwa kuwa maji yaliyotuama huzaa mbu. Mihogo ikabingirika kwenye matope yenye mafuta. Kisha akainama chini ya kitanda na kulivuta beseni langu kwa fimbo.

"Ile njo uchafu," alisema kwa Kiswahili chake cha kuamuru.

"Haiko uchafu, Bwana," mama akajibu taratibu. "Iko chura ya mutoto. Inakulaka mbu."

Bwana hakumtazama. Askari akabeba beseni, chura akiwa ndani, wakaondoka. Baba alikuwa amesimama ukutani na kofia mkononi tangu walipoingia. Mama alitoka kuokota mihogo, ingawa haikufaa tena.

Siku chache baadaye askari yule yule alirudi. Alisema chura hakuwa ametupwa. Bwana alikuwa amempa binti yake, lakini chura hali chochote, na Madamu, mke wa Bwana, anataka mtoto aliyemfuga aje kumhudumia. Nilisema siendi. Baba akachuchumaa mbele yangu, akaongea kwa sauti ya chini, akihofia tutafukuzwa nyumbani.

"Vero, wende. Tukikatala, batatutosha mu nyumba."

Nikaenda. Uchafu wa nyumbani kwetu ulikuwa umewekwa kwenye baraza yao, ndani ya chupa ya kioo inayopigwa na jua, bila jani wala tawi. Chura alikuwa wa kijivu zaidi kuliko alipotoka ziwani. Nilikuwa na hasira, lakini hasira isingemnywesha maji. Nilihamisha chupa kivulini, nikakata tawi, nikalowesha majani, nikakamata nzi jikoni kwa mpishi wao, Papa Donati, mtu wa kambini kwetu. Kila alasiri nilirudi, Madamu amesimama nyuma yangu akinyoosha kidole kunionyesha pa kupangusa kwenye chupa.

Siku chura alipokula, yule binti aliruka kwa furaha. Aliikumbatia chupa, akajigonga kifua na kusema kwa Kifaransa maneno ambayo hata asiyekijua angeyaelewa: wangu, wangu. Nikapaza sauti: "Haiko ya weye! Iko ya minyi!"

Madamu akamgeukia Papa Donati, aliyekijua Kifaransa, amfasirie. Mzee alipangusa mikono yake kwenye aproni, akasema maneno machache, na Madamu akatabasamu. Akanipa mkate wenye sukari, akanionyesha lango.

"Umemwambia nini?" nilimwuliza mpishi pale langoni.

"Nimesema chura iko muzuri sana. Kula mukate yako, wende kwenu."

Nilimtupia ule mkate miguuni. Hakunikemea. Aliuokota, akaupuliza vumbi, akauweka mfukoni.

Mvua zilipokwisha, familia ile ilikwenda likizo Ulaya. Papa Donati alikuja kumwambia baba kwamba chupa iliachwa imefungiwa ndani ya nyumba, na yeye hakuwa na ufunguo. Alipofunguliwa mlango ili afagie, chura alikuwa amekauka, ameshikamana na kioo.

Papa Donati nilimsamehe nilipokuwa na watoto wangu mwenyewe, nilipojua mtu mzima humeza mangapi ili mtoto arudi nyumbani salama. Wale wengine sijawasamehe. Siku hizi wazee wa rika langu wakikaa pamoja husifu zamani: kambi ilikuwa safi, hapakuwa na takataka, mbu walihesabika. Ni kweli. Leo mbele ya nyumba yangu mfereji umeziba, mbu wanatuua, na hakuna anayekuja kuuzibua. Hilo nalo linanikasirisha, na ninalisema mbele ya wakubwa wetu bila mtu wa kunifasiria. Lakini wakianza kuniambia tulikuwa tunatunzwa, nawauliza: mlango wa mama yako ulikuwa unabishwa hodi?