Mkono wa Kulia wa Shangazi

Shangazi yangu alikuwa na mikono miwili kama watu wote, lakini Bagamoyo iliujua mmoja tu. Mkono wake wa kulia ndio uliosugua mabibi harusi wa mtaa wetu wa Dunda kwa zaidi ya miaka ishirini. Alikuwa somo, yule mwanamke anayemfunda mwari mambo ya unyumba na kumsugua singo siku saba kabla ya kutolewa. Singo yake aliitwanga mwenyewe: liwa, karafuu, waridi lililokaushwa na dalia, kisha akaikanda kwa marashi mpaka nyumba nzima ikanukia. Wanawake walisema mwari aliyepita mkononi mwake hunukia mpaka mtoto wa kwanza. Yeye akisikia hivyo hujifanya hakusikia, kisha huuliza, "Ati mwasemaje?" ili arudiwe.

Mimi nililelewa naye. Mama yangu alifariki ningali natambaa, na akiwa kitandani alimshika wifi yake mkono huo wa kulia akamwambia, "Siku ya mwanangu, umsugue wewe. Asimsugue mtu mwingine." Habari hiyo nimeisikia tangu sijajua kufunga kanga. Nikikataa uji, naambiwa. Nikichelewa kisimani, naambiwa. Ahadi ile ilikuwa ndiyo mama niliyekuwa naye.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Mwingereza bado yupo. Nilikuwa nimeposwa Mlingotini, kijiji cha jirani, mahari imetolewa, na harusi imewekwa Mfungo Saba, mwezi wa saba baada ya Ramadhani. Ulikuwa umebaki mwezi na siku chache hivi Shangazi alipoteleza kisimani. Ndoo ilikuwa imejaa, kamba ameizungusha mkononi, miguu ikamponyoka, ndoo ikaenda zake chini na mkono nyuma yake. Hakumwambia mtu. Alirudi nyumbani na maji nusu ndoo, akasema kisima kinakauka.

Yeye ambaye akikuta mgonjwa aliyejificha humtolea methali, mficha maradhi kilio humuumbua, alificha yake siku kumi. Usiku alijichua kwa mafuta ya nazi na habasoda akidhani nimelala. Kanga alifunga kwa meno. Mimi niliona nikanyamaza, maana ukimuuliza Shangazi jambo asilotaka kulisema, utajibiwa juu ya sufuria ulizoacha bila kuosha. Kilichomuumbua ni sala. Tulikuwa tumesimama pamoja alasiri, akanuia, akainua mikono kuhirimia. Wa kushoto ulifika begani. Wa kulia ulikomea kiunoni, ukatetemeka, ukashuka.

Nilisali sala ile sijui nilisoma nini. Tulipotoa salamu nikalia, naye akanikemea kwa kulia juu ya mkeka wa kusalia.

Baba alikuwa mdogo wake, na alimwogopa kama mimi nilivyomwogopa. Lakini safari hii alijikaza akasema, "Dada, tutakwenda Dar es Salaam." Tukapanda basi la mabao sisi watatu, barabara ya mchanga na mashimo kupita Zinga, na kila shimo Shangazi aliuma ncha ya kanga yake na kutazama minazi nje kana kwamba anaihesabu.

Daktari alikuwa Mhindi wa makamo, mpole, Kiswahili chake kizuri. Aliuinua mkono ule polepole, akauliza hapa, na hapa, mpaka Shangazi akamwambia, "Sasa umekwisha kupajua, paache." Daktari akacheka, kisha akaketi mbele yake akaeleza kama anavyoeleza mtu kwa mtu mwenye akili. Ndani ya bega kuna ukano, ile kamba inayoshika nyama kwenye mfupa, umechanika. Yuko mpasuaji kutoka ng'ambo anayejua kuushona, naye yumo nchini miezi miwili tu, kisha anarudi kwao. Na iko sindano mpya, akaitaja kotizoni, ambayo huchomwa palepale kwenye bega na maumivu hulala.

Shangazi akauliza swali moja. "Nikichomwa, nitaweza kusugua?"

"Kusugua nini, bibi? Sufuria?"

Baba akainamisha kichwa. Shangazi alimtazama daktari kwa huruma kubwa. "Mimi nasugua watu, bwana daktari. Nasugua mwari. Huyu hapa." Akaninyooshea kidole cha kushoto, jambo ambalo asingelifanya akiwa mzima.

"Ukichomwa, huenda ukaweza," daktari akasema. "Lakini nisikilize. Sindano haishoni. Maumivu yatalala, utajiona umepona, utautumia mkono, na ukano uliochanika nusu utachanika wote. Tena dawa hii ikilaza uvimbe, hulaza pia nguvu ya mwili ya kufunga kidonda na kupigana na usaha. Nikishakuchoma, hakuna mpasuaji atakayethubutu kukata hapo mpaka miezi ipite. Na ikipita, yule wa ng'ambo hayupo."

"Na kisu, kitaniponya?"

"Siwezi kukuahidi. Ningekuwa mimi, sindano ningeichelewesha, nianze na kisu. Lakini bega ni lako."

"Ni langu," akasema Shangazi. "Nichome."

Kwa bahati, na hadi leo naiita bahati, dawa ilikuwa chache, imefungiwa, na daktari alitaka idhini ya wakubwa wake kabla ya kuitoa. Tukaambiwa turudi baada ya juma moja.

Njia nzima ya kurudi Shangazi alikuwa na furaha. Alinunua halua akatugawia, akawasimulia abiria habari za daktari aliyedhani anasugua sufuria. Mimi niliishika halua yangu mpaka ikayeyuka. Nilikuwa nimekasirika, na kwa kuwa sikuwahi kumkasirikia, sikujua hasira hiyo niiweke wapi.

Niliimwaga jikoni siku ya pili. Nikamwambia harusi iahirishwe. Akaniuliza kama nimeingiwa na wazimu. "Mahari imeliwa, siku imetangazwa, wewe useme ngoja? Watasema mwari ana mimba. Watasema nyumba hii haina heshima."

"Basi anisugue mwingine."

Hapo aliweka mwiko chini. "Mwingine nani?"

Nikamtaja somo wa mtaa wa pili, mwanamke mzuri tu, ambaye kosa lake lilikuwa kufanya kazi moja na Shangazi.

"Yule anayetia dalia kama anapika pilau?"

"Basi sugua kwa mkono wa kushoto."

Sikupaswa kusema hivyo. Mkono wa kushoto ni wa chooni, haugusi mwari. Aliokota mwiko, akakoroga mchuzi kwa ule wa kulia, makusudi, nimtazame, jasho likimtoka juu ya mdomo. Nikajua kwamba atachomwa sindano, atanisugua siku saba akicheka, na baada yangu mkono huo hautainuka tena maisha yake yote. Na mimi nitaingia nyumbani kwa mume nikinukia.

Nikamwendea Baba. Alinisikiliza huku akifua nazi. Alfajiri ya siku iliyofuata alitoa baiskeli. "Mimi nakwenda Mlingotini kununua samaki," akasema. "Nyuma ya baiskeli sina macho." Nikavaa buibui nikapanda.

Asiyeijua pwani yetu hataelewa nilichokifanya. Mwari aliyekwisha kuwekewa siku hatoki nje, na kama atatoka kwa shida, mahali pa mwisho pa kwenda ni kwa mkwewe. Afadhali ningekwenda sokoni bila kanga ya kichwani. Baba alinishusha kwenye minazi ya mwisho, akaenda kwa wavuvi kweli, nami nikapita uani.

Mama mkwe wangu alikuwa akipaa samaki. Nyuma yake ilisimama nyumba tuliyojengewa, makuti yake mapya hayajapauka bado. Nilipofunua uso, kisu kilimwanguka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani amekufa?"

"Hajafa mtu."

"Basi umekuja kuniua mimi. Ingia ndani, upesi, wasikuone."

Ndani alinigombeza kwa sauti ya chini, kwa utaratibu, kama mtu anayekunja nguo: kwamba sina adabu, kwamba sina somo, kwamba wote wamepata mkwe na yeye amepata kondoo aliyekata kamba. Aliposema sina somo, nikalia, nikamweleza. Kisima, ukano, sindano, kisu, ahadi ya mama yangu. Aliniacha nikamaliza.

"Mkono gani?" akauliza. "Wa kulia?"

"Wa kulia."

Akajipangusa magamba ya samaki vidoleni, kimoja kimoja. "Rudi kwenu," akasema mwisho. "Pita njia ya nyuma. Hukuja hapa." Hakuniambia zaidi. Nilirudi nimekaa juu ya baiskeli pamoja na pweza mmoja, na nikaamini nimeharibu kila kitu.

Siku mbili baadaye mshenga alifika, amenuna. Anatuomba radhi kwa niaba ya upande wa mume. Nyumba ya vijana inavuja. Paa limebidi liezuliwe lote, makuti ya kuezekea upya hayapo, na mvua ndizo hizo. Wanaona aibu kubwa, lakini wanaomba harusi isogezwe mpaka Mfungo Mosi, Ramadhani ikishapita.

Shangazi aliwaka. Alisema hajapata kuona watu kama hao, wanakaa katikati ya minazi na hawana makuti! Alisema mdogo wake amemwoza mtoto kwa watu wasiojua kusuka makuti. Alisema hayo siku ile, kesho yake na keshokutwa, mpaka majirani wote wakajua kwamba aibu ni ya Mlingotini, si ya Dunda. Siku ya nne, akichambua mchele, akasema kama anayekumbuka jambo dogo, "Maadamu wametuchelewesha, acha nikakatwe."

Sindano haikuchomwa. Alikatwa akashonwa, na nilipoingia wodini alikuwa amefungwa mkono kifuani, uso umemsawajika, anamfunda muuguzi kijana namna ya kuishi na mume mgumu. Nilimpenda siku ile kuliko siku zote, na nilimwambia. Akasema dawa za usingizi zimenipanda mimi badala yake.

Kidonda kilifunga vizuri. Bega lilichukua muda. Aliambiwa asimame mbele ya ukuta kila siku, apandishe vidole polepole kama mdudu anayetambaa, na pale vilipofika nilitia alama kwa mkaa. Ukuta wetu mweupe ukajaa mistari. Mwezi wa kwanza ilipanda vizuri. Wa pili ilipanda kidogo. Kisha ikagoma, usawa wa bega langu, na mistari ya siku nyingi ikarundikana hapo mpaka ikawa mstari mmoja mnene. Alisukuma, akaapa, akasali, haikupanda zaidi. Hata leo sijui kama tulichagua sawa. Nimekuja kuona watu waliochomwa sindano ile wakaishi vizuri, na waliokatwa wasipone. Najua tu kwamba maumivu yalikwisha, na kwamba alipohirimia, mikono yote miwili ilifika mabegani. Alisema Mungu hajamdai zaidi ya hapo.

Mfungo Mosi ulipofika, tukajifungia chumbani siku ya kwanza ya singo. Desturi yake ilikuwa kuanzia shingoni, mwari amesimama. Akachota singo kwa mkono wa kulia, akauinua. Ulifika begani kwangu ukasimama. Akajaribu tena. Niliona midomo yake ikikazana kama ile siku ya basi, na macho yakijaa, naye hakuwa mtu wa kulia mbele ya mwari.

Nikapiga magoti. Mkono ukanifikia shingoni, mzito, wa moto, wenye nguvu zake zote, akanisugua kwa muda nisiotaka uishe.

"Yale makuti," akasema ghafla, yuko nyuma yangu, "niliyaona mwenyewe yakiezekwa, siku tulipokwenda Mlingotini na mshenga. Yalikuwa hayajamaliza mwezi. Makuti ya mwezi mmoja hayavuji."

Nikashtuka. "Ulijua?"

"Na baiskeli niliiona asubuhi ile, ina mchanga, na buibui lako lina mchanga uleule. Mimi ni somo, mwanangu. Kazi yangu ni kujua na kunyamaza."

"Mbona uliwatukana mji mzima ukasikia?"

"Ndivyo walivyotaka nifanye. Mtu akikusitiri, kaa ndani ya sitara yake utulie." Akachota singo nyingine. "Mkweo ameezua paa zima kwa ajili ya bega la mtu mwingine. Siku utakayokuja kwangu kumsema vibaya, nitakupiga kwa mkono huuhuu."

Nilikuwa nalia, singo inanichoma machoni, nikitaka kugeuka nimkumbatie.

"Tulia," akasema. "Inama kidogo. Nyuma ya sikio sijafika."

Nikainama.