Nilimsingizia Mama Mkwe Dawa, Kisha Nikala Kuku Wake

Nimekosa. Naanza na hilo nisije nikazungukazunguka, halafu ujasiri ukaniishia katikati.

Jina langu halina kazi hapa. Jua tu kwamba ni mwanaume wa miaka hamsini na moja, wa Masasi mjini, na kabla ya haya ningekuapia kwamba hakuna kitu duniani kinachoweza kunishangaza. Nimeona kila kitu! Ndivyo nilivyokuwa nasema.

Nimebeba magunia ya korosho mgongoni nikiwa na miaka kumi na mitatu, shule nimeiacha darasa la nne. Nimeuza chumvi, nimeuza mitumba, nimelala juu ya mizigo ya watu. Leo nina banda la kubangulia korosho nyuma ya nyumba, wanawake kumi na wawili wanakula kupitia mkono wangu. Nina duka la mabati na saruji, na gari la mizigo lisilo na deni la mtu. Sikusomeshwa na mjomba, sikurithi shamba. Hata wenye digrii wanakuja kuniuliza mambo!

Unaona? Nimekuja kuungama na bado najisifu. Ugonjwa wangu ndio huo.

Mke wangu nitamwita Mama Neema, ingawa mtoto wetu haitwi hivyo. Kwao ni Chilangala, kule juu Newala. Mama yake mzazi ndiye watu wa pale wanayemwendea kwa vidonda. Mtu kaungua na uji, mtu kajikata na panga, anapelekwa kwake. Anachemsha vitu vyake vya porini, anaosha kidonda kwa yale maji asubuhi na jioni mpaka kinakauka. Chenye usaha mwingi hakigusi. Husema, "Hiki si changu, nendeni hospitali." Jasho lake ni shilingi mia tano, na asiye nayo hadaiwi.

Sasa sikiliza nilivyoharibu.

Msimu wa korosho wa mwaka juzi, Mama Neema alishuka kwenye bodaboda upande wa bomba la moshi, likamgusa kwenye kigimbi. Huku tunaita kupigwa muhuri, na watu wanacheka. Kidonda kilikuwa kidogo, ukubwa wa kisoda.

Akaniambia, "Baba Neema, niruhusu nipande Chilangala siku tatu, mama anioshe."

"Katikati ya msimu? Wabanguaji nani atawapimia?"

"Basi nikaonwe hospitali."

"Kwa muhuri wa bodaboda? Watakucheka! Mpigie mama yako ataje dawa, nitaitengeneza mwenyewe."

"Wewe? Chai tu inakushinda."

"Nimeanza biashara bila senti, nitashindwa na kuchemsha majani?"

Akapiga simu. Akaanza kuongea na mama yake Kimakonde, taratibu, habari za nyumbani na nani kafiwa. Mimi nikaona ananichelewesha. Nikamnyang'anya simu. Hata hilo lilikuwa kosa, maana mimi na mama mkwe tunaongea kwa adabu na kwa umbali: shikamoo, marahaba, hamjambo, basi.

"Shikamoo mama. Hebu nitajie dawa ya huyu mwenzangu."

"Marahaba baba. Uchukue maganda ya mkorosho..."

"Maganda! Mama, hapa kwangu yapo magunia kwa magunia! Nimeelewa. Asante mama."

"Subiri kwanza, baba..."

Nikakata.

Yeye alisema maganda ya mkorosho. Mti! Maganda ya shina, yanayochemshwa. Mimi nikasikia maganda ya korosho. Herufi moja tu, jamani, na aliyeimeza ni sikio langu.

Utaniuliza: wewe mtu wa korosho, hujui kwamba maganda ya korosho yana mafuta yanayounguza? Najua sana! Wanawake wangu wanajipaka majivu mikononi kabla ya kugusa kazi. Ndiyo maana naona aibu kuliko mtu asiyejua. Mimi nilijua, halafu nikajiona najua zaidi ya hapo. Niliwahi kuyapaka kwenye magaga ya visigino vyangu, yakaondoka. Nikajiambia dawa kali ndiyo dawa. Nikakinga yale mafuta meusi yanayochuruzika maganda yakichomwa, nikayachanganya na mafuta ya nazi, nikaona nimeyapoza. Nilishaanza hata kuwaza chupa ndogondogo zenye karatasi ya jina langu!

Mbanguaji mmoja, mama mtu mzima, akaniona nakoroga.

"Bosi, hayo unaenda kumpaka mtu au unapaka boriti zisiliwe na mchwa?"

"Wewe bangua korosho," nikamjibu.

Mama Neema alinyoosha mguu kwa kunitii. "Mbona inanuka kama banda?"

"Tulia. Mama yako ndiye aliyesema."

Nikapaka. Alipiga yowe hadi mawe ya kubangulia yakanyamaza uani.

"Inavuta uchafu hiyo," nikamwambia. Na kesho yake nikapaka tena. Nakwambia, nikapaka tena!

Siku ya tatu ngozi ilikuwa nyeusi, malengelenge yamepanda yanakaribia goti, na yeye anatetemeka kwa homa. Nikampakia kwenye gari kumpeleka hospitali.

Muuguzi alifungua kitambaa. Alikuwa binti mdogo, rika la mwanangu.

"Nani kampaka hivi?"

Nyuma yake walikaa wagonjwa na ndugu zao, na baadhi ni wateja wa dukani kwangu. Wote wakanigeukia. Mimi, tajiri wa mabati, niseme ni mimi? Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Mama yake. Dawa za kienyeji za mama yake, kule Newala. Mimi nilikataa."

Mimi nilikataa! Hilo hata sikuulizwa. Nililiongeza bure.

Mama Neema alikuwa amelala pale pale, macho wazi. Akanitazama. Hakusema neno, kwa sababu hawezi kumwaibisha mumewe mbele ya watu, alilelewa hivyo. Nami nikajificha nyuma ya malezi yake.

Alilazwa wiki tano. Walikata nyama iliyooza, wakatoa ngozi ya paja wakaipandikiza chini. Anatembea, lakini kile kigimbi kimenyauka na mguu unavuta.

Na mimi sikunyamaza hata hapo. Watu walikuja kutupa pole, na kila aliyekuja nilimpa hadithi. Wa kwanza nilimwambia ni dawa za mkwe. Wa kumi alisikia jinsi nilivyogombana na mkwe kwenye simu nikimkataza. Ilikuwa inanoga! Wanaume wanatikisa vichwa, wanasema, "Hawa wazee wetu hawa." Kati yao walikuwepo wa Kitangari na wa Makote, huko huko Newala. Magari yanapanda Newala kila siku, na maneno yangu yakapanda nayo.

Chilangala watu wakaacha kwenda kwake. Akaitwa kwa wakubwa wa kijiji, akaambiwa apumzike mambo ya kutibu. Kanisani benchi alilokalia likawa na nafasi. Haya yote Mama Neema aliyasikia kwa dada zake, akaniambia. Nikasema, "Yatapoa."

Mwezi wa tano mama mkwe akashuka mwenyewe Masasi. Nilimkuta mlangoni kwangu na kuku jike mwekundu kwapani na unga wa muhogo kwenye ndoo. Kabla sijasema shikamoo, akapiga magoti.

Mama mkwe, kunipigia mimi magoti! Mimi niliyesema hakuna kitu cha kunishangaza!

"Mkwe wangu," akasema akiangalia sakafu, "nimekuja kuomba radhi. Nimekaa nafikiri tu. Labda siku ile kwenye simu mdomo uliniteleza, nikataja kitu nisichokikusudia. Uzee huu. Nimemharibia mwanangu mguu, na wewe nimekuharibia mke. Dawa nimeacha. Chungu changu nimekipasua."

Nafasi ilikuwa ile. Nilihitaji maneno mawili tu: hapana mama.

Unajua nilisema nini?

"Inuka, mama. Yamepita. Binadamu tunakosea."

Nilimsamehe! Mimi, nimemsamehe yeye! Akanishukuru, akapangusa macho, akampelekea mwanawe kuku jikoni. Akachinjwa. Nikala paja, nikaongezewa mchuzi, nikasifu kwamba kuku wa Newala wana ladha.

Mama mkwe alipoondoka, Mama Neema alikuwa anasugua sufuria. Aliongea bila kugeuka.

"Mguu nilishakusamehe. Kuku sijakusamehe."

"Kuku gani tena?"

"Huyo uliyemla."

Kesho yake akafunga begi. "Napanda kwa mama. Ukiwa tayari kusema, uje useme pale pale maneno yako yalipofika. Hapa ndani umeshaniambia mara nyingi kwamba unajuta, na mama bado anajiona mchawi wa mwanawe."

Unadhani nilimfuata? Nilituma pesa, ikarudishwa kwenye simu ile ile. Nikapakia mabati ishirini na fundi juu yake, nikamwambia akamwezekee mama bure. Mabati yakarudi, fundi akarudi nayo, amenuna. Wiki tatu nilihangaika kununua njia ya kutofungua mdomo. Nyumba kubwa, matofali ya kuchoma, na nakula mkate mkavu na soda.

Jumapili moja nikapanda.

Mjomba wa mke wangu aliita watu uani kwa mama mkwe baada ya ibada. Wakaja wa kanisani na Waislamu jirani, uani kukajaa. Mama mkwe alikaa kwenye mkeka na wanawake, ameinamisha kichwa, nadhani alifikiri nimekuja kumshtaki tena. Nikasimama. Mimi ninayeongea mnadani bila kipaza sauti, nikaanza habari ya ile dawa kwa kunong'ona.

Jamaa mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, "Tajiri, ongeza sauti! Huku hatujasikia dawa ilikuwa ya nani!"

"Ya kwangu!"

"Na aliyekataa ni nani?"

"Hakuna aliyekataa! Niliitengeneza mimi, nikapaka mimi, mara mbili! Mama alitaja dawa yake sawasawa, mimi nikamkatia simu. Halafu nikamsingizia, hospitali na kila mahali."

Wanaume wengine waliangua kicheko. Mzee mmoja akatema mate chini, akaondoka. Lakini mama mkwe alikuwa ameinua uso, ananitazama usoni moja kwa moja, kitu ambacho hajawahi kufanya tangu nimuoe binti yake.

"Kwa hiyo nilisema mkorosho?"

"Ulisema mkorosho, mama."

"Sikukosea?"

"Hukukosea."

Akamgeukia mwanamke wa pembeni yake. "Umesikia? Nilisema mkorosho." Akamgeukia mwingine. "Nilisema mkorosho mimi." Kisha akajifunika uso kwa nguo na kulia kwa sauti, na Mama Neema akaenda kumkumbatia, anavuta ule mguu.

Hapo ndipo nilipojua nilichokiiba. Mimi nilidhani nimemharibia jina tu kwa watu. Kumbe miezi yote ile mama wa watu alikuwa hajiamini mwenyewe, kila usiku anajiuliza alitamka nini!

Wewe unayesoma, nakuomba. Ukielekezwa dawa na anayeijua, msikilize hadi mwisho, hata kama una magunia ya kila kitu uani. Usimfanyie mtu majaribio kwenye kidonda chake kwa sababu una mdomo na pesa. Mtu akisema anataka hospitali, mpeleke siku hiyo hiyo. Na muuguzi akikuuliza nani kampaka, sema ni mimi, hata kama mji mzima umekaa kwenye benchi unakusikiliza! Aibu ya dakika mbili ningeimaliza pale pale nikarudi dukani. Niliikimbia, ikaniandama karibu miezi saba. Hadi leo nikipita kwenye banda langu wale wanawake wananong'ona, "Daktari huyo." Nawalipa mshahara na siwezi kuwajibu.

Mama Neema amerudi nyumbani. Mama yake amenunua chungu kingine.

Mtataka kujua imenigharimu kiasi gani. Matibabu sihesabu, mke ni wangu na aliyemuumiza ni mimi. Nasema gharama ya lile neno nililosema hospitali. Siku ile mjomba alisema kosa la namna hii haliwezi kuisha bila faini, mama ataje mwenyewe. Nilikuwa na milioni moja kwenye bahasha mfukoni. Nikasema, "Mama, taja chochote, hata ng'ombe." Bado najionyesha!

Mama mkwe hakutaja ng'ombe. Alianza kuhesabu kwa vidole, anataja majina ya waliokuwa wanakuja kwake wakaacha kwa sababu yangu: mama fulani wa kidonda cha kisigino, mtoto wa fulani aliyeungua na chai. Wengine walikuwa wamekaa pale pale, wanainama wakitajwa. Wakafika kumi na wanane. "Mia tano kila mmoja," akasema. "Zaidi ya hapo sikupoteza pesa."

Nikatoa noti ya elfu kumi, nikampa Mama Neema ampelekee, nikasema inayobaki ni ya sukari. Mama mkwe akafungua fundo la nguo yake, akatoa noti ya elfu moja, akamrudishia Mama Neema aniletee.

Shilingi elfu tisa kamili.