Mashua ya Laroussi na Bahari ya Baba

Kitu cha kwanza kilichomchefua Laroussi katika mashua yake ni harufu. Aliipaka deheni mwenyewe, chokaa iliyokandwa na mafuta ya mikia ya kondoo wa sikukuu, kama walivyofanya wazee wote wa kisiwa cha Kerkenna. Ila wazee walipaka wakati wa baridi, na yeye alipaka Julai. Jua likayeyusha mafuta, yakachuruzika mchangani, nzi wakahamia, na kila aliyepita ufukweni akaziba pua.

"Baba Raja," mkewe Zohra alimwambia mlangoni, "hilo shati livue hukohuko nje. Na suruali. Ndani huingii na mzoga huo."

Laroussi alikuwa na miaka sitini na mmoja. Ishirini na saba kati ya hiyo aliimaliza mjini Sfax, ng'ambo, akipiga plasta kuta za watu, akarudi kisiwani na kikohozi na hamu moja tu: bahari ya baba. Kerkenna maji ni ya kina kifupi, na familia hurithi kipande cha bahari kama wengine wanavyorithi shamba. Hukizungushia uzio wa makuti ya mtende, samaki wakaingia wenyewe, na hakuna anayethubutu kushusha wavu hapo bila idhini ya mwenyewe. Uzio wa baba ulikuwa umeoza. Aliyekabidhiwa kipande hicho ni kaka yake mkubwa, Naser, na Naser alitaka kumpa Munji, mwenye boti la injini na wavu wa minyororo unaokwangua chini ya bahari mpaka ikabaki uchi.

"Mimi sina ugomvi na mtu," Naser alisema. "Ufike kule na shehena ya makuti, kwa tanga lako, kabla ya Oktoba. Ukifika, bahari ni yako. Usipofika, anaingia Munji."

Siku ya kwanza ya kuijaribu, mashua ilivuta kushoto, ikazunguka duara zima, ikarudi na mwenye mashua pale pale ilipotoka, mbele ya mkahawa uliojaa watu.

"Ami Laroussi!" mmoja akapaza sauti. "Umesafiri salama? Huko ulikotoka hawajambo?"

Naser alikuja kila siku. Alikaa juu ya kreti akitafuna mbegu za alizeti, maganda akiyatemea katikati ya randa na misumari, na alikuwa na ushauri usiokwisha. Ongeza mawe ya kuipa uzito. Mawe yasogeze nyuma. Mlingoti umekaa nyuma mno, usogeze mbele. Tanga kubwa hilo, lipunguze. Laroussi alimtii, kwa kuwa kaka ni kaka, ingawa mdomo ule uliojaa maganda ulimtia kinyaa. Alisogeza mlingoti shubiri moja mbele, akakata tanga na kulishona upya mara mbili. Agosti ikaisha. Katikati ya Septemba, ikiwa na mawe tele tumboni, mashua ilikwenda moja kwa moja, ikageuka kwenye upepo bila kusita, na watu wa mkahawani wakasimama kutazama.

Kesho yake akapakia makuti. Mawe hayakupata nafasi, akayatoa. Makuti makavu yakarundikana hadi kifuani, upepo ukayakamata, na hatua ishirini tu kutoka ufukweni mashua ikalala ubavu. Laroussi alisimama katika maji ya magotini, makuti yakielea kila upande, akajichukia. Kiangazi kizima alikuwa amefundisha mashua kubeba mawe, na tangu lini uzio ukajengwa kwa mawe?

"Si nilikwambia uongeze mawe?" Naser alicheka hadi akakohoa.

Zohra ndiye aliyeingia majini, gauni amelikunja, akainua kuti moja lililolowa. "Hebu shika. Lina uzito hili. Kwa nini usiyaloweke kwanza?"

Yakalowekwa siku mbili. Yakalazwa chini, bapa, yakawa shehena na uzito kwa pamoja. Laroussi akarudisha mlingoti shubiri ile aliyoambiwa ausogeze, akaachia tanga. Safari hii mashua ilikwenda! Ilikwenda mpaka akaimba, yeye asiyejua kuimba, na kwa saa nzima hakuchukia kitu chochote duniani.

Alipofika bahari ya baba akatazama chini. Palipaswa kuwa na nyasi za bahari, kijani kibichi. Palikuwa na tope la kijivu lenye mifereji mirefu iliyonyooka, mmoja kando ya mwingine, na mashina yaliyong'olewa yakioza. Alichomeka kuti, likaanguka. Akachomeka jingine, nalo likaanguka. Mifereji haikuwa ya jana. Kingo zake zilikwisha kulainika. Munji alikuwa amefanya kazi humu tangu kiangazi kilipoanza, taratibu, bila hofu, kama mtu aliyepewa ruhusa. Na wa kutoa ruhusa alikuwa mmoja tu. Laroussi akainama pembeni, akatapika.

Aliporudi na makuti yake yote, watu wa mkahawani walikuwa wamesimama ufukweni wakipiga makofi.

"Haya, imekwendaje?" Naser aliuliza.

"Vizuri, kaka. Haivuti kushoto wala kulia. Panda nikupeleke ukaione bahari ya baba."

"Leo? Ah, leo mgongo unanisumbua."

"Nitakubeba mpaka ndani."

"Siku nyingine, bwana wee."

"Ilianza kukwanguliwa ulipokuwa ukinihesabia mawe," Laroussi alisema, si kwa sauti kubwa. "Unanitia kichefuchefu, kaka. Baba alitulisha sote wawili kutoka pale."

Makofi yalikuwa yamekwisha. Mzee Farhat, ambaye uzio wake umepakana na wa kwao, alimgeukia Naser. "Panda basi," alimwambia. "Si unaambiwa panda?"

Naser akatia mbegu nyingine mdomoni.

"Nani anakuja kuona?" Laroussi akauliza.

Farhat akavua viatu. Wengine watatu wakavua vyao, wakakunja suruali, wakaingia majini kuipanda mashua. Naser alibaki na vyake miguuni.