Karatasi ya Muhuri Niliyoivalia Koti

Aibu hii ni yangu, acheni niisimulie mwenyewe kabla wengine hawajaitia chumvi.

Munanijua: mimi njo yule aliyesukuma kinga, baiskeli yenye mizigo, kutoka Kampene mpaka Kindu wakati wa vita, leo niko na maduka mawili, nasema kila siku sikupewa na mutu hata sindano, na masomo niliyaacha darasa la tatu. Kwenye mtandao watu walisifu maneno yangu, nami nikijibu, "Naandika mwenyewe!" (Uongo. Aliyeandika ni binti yangu Asha, miaka kumi na tatu. Simu nilimwachia yeye, jina ndilo lilikuwa langu.)

Siku ile ikaja karatasi kutoka kwa shefu wa mtaa. Asha alikuwa masomoni, na kumwomba jirani anisomee, mimi mukubwa mzima? Nikaona muhuri, nikasema basi, wamenichagua mkubwa wa wachuuzi, nikavaa koti, nikakusanya marafiki sita wanipigie makofi.

Ndani ya ofisi ya shefu nikakuta polisi, na Mama Zawadi, muuza samaki wa soko letu, analia.

"Papa, maneno ya jana kwa simu yako, ni wewe uliandika?" polisi akauliza.

"Yote! Hakuna mutu ananisaidia!"

Akasoma kwa sauti: "Mama Zawadi ni mchawi, musinunue samaki yake." Asubuhi vijana walikuwa wamefika kwake na mawe.

Koti lilinilowa mgongoni. Nikasema, marafiki wote wakisikia, kwamba sijui kuandika, kwamba ni Asha, ambaye mama yule alimgombeza juzi kwa kumwaga maji machafu kwenye meza yake.

"Mutoto ni mudogo," polisi akasema, "sheria inamuangalia muzazi. Mama akitaka, leo unalala gerezani."

Mama Zawadi akapangusa macho. "Ba Asha, wakati wa vita nilikuficha siku nne nyuma ya magunia yangu ya mihogo. Sikukuficha ili nikufunge. Lakini twende soko, ukaseme kwa kinywa chako."

Sokoni nikasema ukweli wote, nimesimama juu ya meza ya samaki, Asha pembeni yangu akiomba msamaha. "Alafu nani atatuandikia zile akili zako, Papa?" mmoja akapiga kelele, soko likacheka, na Mama Zawadi pia akacheka, wateja wakaanza kumrudia.

Mimi niliyesema sikupewa hata sindano, mama yule amenipa uhai mara mbili. Simu niliyomwachia Asha sasa iko kwangu, na jioni tunakaa pamoja, ananifundisha herufi. Karatasi yenye muhuri sitaivalia tena koti kabla haijasomwa.