Chumvi ya Mashimo Sitini

Saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi dada yangu alinipigia simu kutoka shambani kwake Muheza. Alisema michungwa inaungua. Nilimuuliza kama kuna moto.

"Hakuna moto, mdogo wangu. Hata umande haujakauka. Njoo uone."

Dada alinunua eka ile baada ya bahari kulila shamba la minazi la marehemu mama, Pangani. Ilipobaki minazi mitatu, aliuza alichoweza akahama. Michungwa sitini aliyopanda Muheza ndiyo ilikuwa mali yake yote. Kabla ya kupanda alitaka nimpimie udongo.

Shule niliishia darasa la saba. Jiografia nimejifunza mwenyewe, kwa vitabu vya sekondari vilivyokwisha tumika. Nilichota udongo sehemu nne za shamba, nikautia katika chupa nne za kioo pamoja na maji, nikatikisa, nikaziweka dirishani. Mchanga ulitua kwanza. Tope laini likafuata. Udongo wa mfinyanzi ulibaki ukielea kama ukungu, ukishuka taratibu mno hata nikapoteza hesabu ya muda. Kwa siku mbili nilijiona kama niliyelala chini ya mto, nchi ikitandikwa juu yangu tabaka baada ya tabaka. Kisha nilipima kwa rula. Ulikuwa tifutifu, wenye mchanga mwingi. Nikamwambia dada unafaa. Baada ya wiki akanipigia kusema ameshapanda, "kama kwetu", nami nikafurahi.

Nilifika saa tatu. Ukungu ulikuwa haujaondoka, na miche ilionekana mistari miwili tu mbele, iliyobaki ikiwa vivuli. Kingo za majani zilikuwa zimekauka, rangi ya chai ya rangi. Nilikuwa nachota udongo wa kutia chupani alipokuja jirani, mama wa Kibondei aliyezeekea kwenye michungwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye fundi wa chupa?"

Alichuchumaa, akafukua kwa kidole karibu na shina, akaonja, akatema.

"Shoga, umetia nini humu?"

"Chumvi," alisema dada, kama aliyeulizwa kama ametia maji. "Viganja viwili kila shimo."

"Nyie Wapangani, hata udongo mnaunga?"

"Mama alikuwa akitia."

"Mama yenu alipanda minazi. Mchungwa ukiupa chumvi unautia kiu."

Dada alicheka kidogo, kisha akaitazama mistari ile ikiishia ukunguni.

Nami nilikuwa mbali. Niliuona mkono wa mama juu ya shimo, chumvi ya mawe ikidondoka nyeupe kwenye mchanga mweusi, mimi nimeushika mche usimame wima. Kwetu mnazi haukupandwa bila chumvi, ndiyo maana niliposikia "kama kwetu" sikushtuka. Na chupa zangu zisingenionya hata kama ningepima baada ya kupanda. Kilichoyeyuka hakitui. Kinabaki ndani ya yale maji meupe ya juu, ambayo mimi niliyamwaga dirishani bila kuyatazama.

"Utaiokoa?" dada aliuliza.

Nilimwambia mchanga ule ule niliousifu ndio tegemeo letu, maana haushiki maji. Tukiumwagia mengi, yatashuka na chumvi yake chini ya mizizi. Jirani alitupa ndoo mbili na ruhusa ya kisima chake. Tulimwaga ndoo sita kwa kila mche, kwa siku nne. Kila ndoo maji yalisimama kidogo, yakatoa mapovu, yakazama. Jioni niliketi kando ya shina moja nikisikiliza udongo ukinywa, na sikujua kama nilisinzia au la. Nilisikia kama mawimbi yakirudi nyuma, mbali sana.

Mwezi ule nilikwenda kila Ijumaa baada ya sala. Dada alinitangulia kwenye mistari, akigusa vichwa vya miche kutafuta chipukizi. Ijumaa ya nne tulihesabu pamoja. Thelathini na saba ilikuwa imechipua. Ishirini na mitatu tuliing'oa. Mche mmoja aliununua kwa shilingi elfu mbili, kwa hiyo hasara yake ilikuwa shilingi elfu arobaini na sita.