Kabla Picha Hazijatulia

Kaltumi ana studio ya picha hapo Bwaise, na kama kuna kitu kinachomshinda duniani ni kusubiri. Sura zote alizowahi kupiga zimo kwenye kompyuta yake, vipicha vidogo vidogo vimepangwa safu kwa safu, na chini ya kila kimoja kuna namba ndefu badala ya jina. Nani ana muda wa kusoma namba? Mteja huketi kando yake, hunyoosha kidole, yule pale, naye Kaltumi hubofya.

Taabu ni kwamba kompyuta yenyewe imechoka. Folda ikifunguliwa, picha hazitokei kwa pamoja. Zinajitokeza moja moja, na ile ndefu ikitokea inazisukuma nyingine, safu nzima inateremka. Ulipoona bibi harusi, sasa amekaa askari. Kaltumi ameambiwa mara ngapi angoje zitulie kwanza? Wapi!

Asubuhi moja akaingia Lamunu, binti wa polisi mmoja aliyeitwa Okidi, aliyefariki juzi. Gari la kupeleka mwili Gulu kuzikwa lilikuwa likingoja nje barabarani, limejaa ndugu, na familia haikuwa na picha hata moja ya mzee. Mafuriko yalizibeba zote. Bahati yao, aliwahi kupigwa hapa akiwa na sare. Hiyo ndiyo ingetangulizwa mbele ya jeneza.

"Huyo hapo, Mama! Huyo ndiye baba," Lamunu akasema, kidole kwenye kioo.

Kaltumi akabofya, akaamuru ichapwe, akageuka kukata utepe mweusi wa kufunga kwenye fremu. Hakuona kwamba safu ilikuwa imeteremka palepale alipobofya. Mashine ikaanza kutoa karatasi polepole: kofia nyeupe, macho, kisha tabasamu.

"Huyu si baba," Lamunu akasema.

Kaltumi akageuka, utepe mkononi. Loo! Alikuwa Nasur, mume wake, ambaye Kaltumi humsimamisha mbele ya kamera kila anapojaribu taa mpya. Akauficha utepe mgongoni upesi.

"Nisamehe, mwanangu."

Safari hii alisubiri, mikono mapajani, huku honi ikilia nje. Picha zikatulia. Okidi akatoka na sare yake, uso mkavu wa kipolisi, na Lamunu akaikumbatia fremu akilia kwa sauti. Alipofika mlangoni akasimama.

"Yule mwingine ni nani?"

"Mzee wangu. Yuko Kalerwe, anauza vitunguu."

"Mpigie simu, Mama. Wangu hapokei tena."

Akatoka mbio. Kaltumi akapiga.

"Kuna nini?" Nasur akauliza, kelele za soko nyuma yake.

"Hamna. Ongea tu."

"Niongee nini, we mwanamke? Nina wateja."

"Chochote."

Nasur akaguna, kisha akaanza kulalamika kuhusu gunia lililooza njiani, na dereva, na mvua. Kaltumi akaketi, akamsikiliza mpaka akamaliza yote.